Nyota Tuliyoizika Mapema

Jumatatu, 12 Januari 2026

Leo nimefundisha nyota moja kubwa nyekundu ya galaksi jirani. Mwanga wake husafiri miaka laki moja na sitini elfu hadi kutufikia. Mwanafunzi wangu Mapendo akauliza, "Madame, sasa tunajua aje kama ingaliko?" Hatujui. Ila wataalamu waliona imebadilika rangi kuwa ya njano, nami nikaandika ubaoni: INAKUFA. Mimi na haraka zangu.

Mume wangu, Théogène, leo ni siku ya kumi na tisa yuko Ntoto kununua maharage. Mtandao umekatika.

Jumatano, 14 Januari

Sylvain mchuuzi ametoka Ntoto. Hakunikuta. Amemwachia mama mkwe bidoni ya maziwa aliyoondoka nayo Théogène — tupu! Kwetu wafugaji chombo cha maziwa hakirudi kitupu, hata kwa konzi ya karanga. Kikirudi kitupu, kuna ugomvi au msiba. Mimi na Théogène hatujagombana.

Mama mkwe ameiweka nyuma ya mlango. Naogopa.

Ijumaa, 16 Januari

Sijaenda shule tangu jana. Majirani wamejaa uani. Katekista Barthélemy kauliza misa ya kumwombea Théogène iwe lini. Nikamwambia Jumapili ya tarehe ishirini na tano. Nimetoa na kitenge cheusi.

Jumamosi, 17 Januari

Mzima!

Tumempata Sylvain sokoni. Akainama. "Mvua ilitupiga siku mbili mu pori, Mama. Mu bidon mulikuwa ndizi na karanga. Njaa njo ilinishinda, nikakula. Nikaona haya ya kusema. Papa Théogène iko muzima, muguu tu njo inamuuma." Nilitaka kumpiga, nikampa ugali. Mama mkwe amecheka mpaka akakaa chini.

Yeye na Théogène waliachana Ntoto siku nane zilizopita. Kwa hiyo ni habari ya siku nane. Naipokea hivyo hivyo, na leo nitalala.

Jumatatu, 19 Januari

Shuleni. Mwalimu Shyaka wa hesabu alikuwa mjini Sake, kwenye mtandao, akasoma kwenye simu kwamba wataalamu wengine wameitazama tena ile nyota: bado nyekundu. Huenda ni vumbi tu limeifunika. Neno langu lilikuwa bado ubaoni, hakuna aliyethubutu kulifuta. Nimelifuta mwenyewe, darasa zima likicheka. Mapendo hakuniacha: "Madame, pole na misiba mbili." Nikacheka nami.

Jumanne, 20 Januari

Barthélemy anauliza kama afute misa. Nimesema asifute, iwe ya shukrani. Mama mkwe kakataa: Théogène afike kwanza mwenyewe.

Naandika nimesimama mlangoni. Kuna mtu anateremka kilimani na fimbo, anachechemea. Matope yamemjaa, rangi ya shati siioni. Mama mkwe anasema ni yeye, tayari ameinjika chai. Majirani wanasema ni yeye. Safari hii mimi sisemi kitu. Amefika kwenye mgomba wa kwanza, amesimama kupumzisha mguu.