Perege Mmoja wa Lambo la Kikoneni

Kikoneni, Jumatano. Novemba 1956.

Mvua ya vuli imenyesha tangu alfajiri ikakatika adhuhuri. Sasa magharibi inakaribia na makuti ya mjomba bado yanadondosha. Nimechoka. Sina hamu hata ya kahawa.

Leo nimempata perege. Mmoja, mdogo, upana wa kiganja. Nilidhani siku nitakayompata nitaandika kwa furaha.

Niandike kwa utaratibu, maana kichwa kimenivurugika. Mama hali chakula. Daktari wa kule pwani alituambia hana dawa nyingine ya kumpa, na mama akaomba arudishwe hapa kwao, kwa kaka yake Mwero. Siku hizi anakunywa maji ya uji tu, kisha anageukia ukuta. Samaki wa baharini, ambao amewala tangu alipoolewa Msambweni, sasa hataki hata kuwanusa. Nilimletea tasi, akatapika. Kitu kimoja tu ametaka kwa kinywa chake mwenyewe. Alisema, "Bakari, ningepata perege wa lambo ningekula."

Lambo hilo liko nyuma ya shamba la mjomba. Ni dimbwi la kuchimbwa, la kunyweshea ng'ombe, na ukirusha jiwe kwa mkono wa kushoto linaangukia ng'ambo. Mama alikuwa akivua hapo na ndugu zake utotoni.

Nilicheka moyoni. Mimi ni mvuvi wa mshipi. Nimevua changu, chewa, kolekole na nguru, na Msambweni mtu akiwa na harusi huja kwangu kuagiza samaki. Sembuse perege wa dimbwi! Nikamwambia mama, "Kesho utamla, inshallah."

Hiyo kesho niliipoteza kwa ujinga wangu mwenyewe.

Sisi wa pwani hatutupi mshipi bila kujua kama maji yanajaa au yanakupwa. Mazoea hayo yamenikaa mwilini. Asubuhi ile nilikaa barazani, nikahesabu siku za mwezi kwa vidole, nikaona maji yatajaa baada ya adhuhuri. Basi nikangoja. Mjomba alitoka na jembe lake begani akanikuta pale pale.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Hukwenda kuvua?"

"Maji bado, mjomba. Nangoja yajae."

Alinitazama kwanza, kisha akacheka mpaka akashika nguzo ya baraza. "Yajae kutoka wapi, mpwa wangu? Lile ni lambo. Likijaa ni mvua, likipungua ni ng'ombe."

Nilicheka naye. Leo siwezi kucheka tena, kwa sababu asubuhi ile mama alikuwa bado anatafuna. Alikuwa ametafuna kipande cha muhogo akakimeza. Ningalikwenda alfajiri badala ya kungoja bahari ije Kikoneni, huenda angalikula.

Nilipokwenda hatimaye, nilikwenda na vyombo vyangu vya baharini. Mshipi mnene, ndoano ya kuvulia changu, chubwi la risasi la kuuzamisha mshipi. Chubwi lilizama kwenye tope likabaki huko. Kesho yake nikafunga unyoya mweupe wa jogoo juu ya ndoano na kuuvuta juu ya maji, kama tunavyowavuta kolekole. Perege waliuona wakatawanyika wote, na maji yakatulia kabisa hadi jioni. Kitu kinachomleta samaki wa bahari mbio kilikuwa kinawatisha hawa.

Nikaanza upya. Nilisokota nyuzi mbili za cherehani nikazipaka nta. Nikakunja pini ikawa ndoano. Chubwi nikaliacha kabisa, na boya nikalikata kwenye bua kavu la mtama. Nikajaribu ugali uliokandwa na machicha ya nazi. Wakaudonoa wote bila boya kutikisika, nikawa nawalisha tu. Nikajaribu panzi, akaelea. Mjomba akasema nitie kipande cha sabuni, nikatia, na nikamnasa kambare mkubwa mwenye masharubu. Nilikimbia naye nyumbani. Mama alimtazama, akasema kwa upole, "Huyu si yeye," akafumba macho.

Nilikwenda nyuma ya jiko nikalia. Mtu mzima mwenye mke na watoto, nikalia kwa sababu ya kambare.

Na jana, nikiri hapa kwa kuwa siwezi kumwambia mtu, nilichuma majani ya utupa. Ukiyatwanga na kuyamwaga majini, samaki hulewa wakaelea, ukawaokota kwa mkono. Nilikwisha kuyatwanga. Nimesimama ukingoni na kapu, wakaja wanawake na mitungi yao. Mmoja akanisalimu, "Mama ameamkaje?" Nikasema anaendelea vyema, alhamdulillahi. Walipokwenda niliyafukia yale majani mbali na maji. Maji yale wanakunywa watu. Hayo nayajua vyema, na bado niliyatwanga.

Leo nilitoka mvua ilipokatika. Lambo lilikuwa jekundu kwa tope, samaki haoni mbali, basi nikaacha panzi na unyoya na vyote vya kuonekana, nikachimba nyungunyungu kwenye samadi, chambo chenye harufu. Nikatupa machicha kidogo kando ya majani, si katikati. Nikachutama upande ambao kivuli changu hakianguki majini. Juu ya ngalawa sijawahi kukumbuka kama nina kivuli. Boya likatikisika, sikuvuta. Likatikisika tena, mkono ukaniwasha, sikuvuta. Lilipoanza kwenda upande, nikainua taratibu, naye akaja.

Sikupiga kelele. Nilimfunika kwa mikono miwili nikasema bismillahi mara nyingi, sijui kwa nini.

Nilimpika mwenyewe, chukuchuku, chumvi na ndimu na nyanya moja, kama alivyonielekeza mama kutoka kitandani kwa sauti ambayo ilinibidi niiname ili niisikie. Nikamtoa miiba yote, nikarudia kumkagua kwa vidole. Mjomba akamwinua mama mgongo. Nikamtilia pande la kwanza kinywani.

Aliliweka kinywani kwa muda mrefu. Uso wake ukaonekana kama unasikiliza kitu. Kisha akatabasamu, akajifuta midomo kwa pembe ya leso yake, akasema, "Mtamu, mwanangu. Ndiye huyu huyu. Mungu akupe."

Nilitaka kumpa pande la pili. Akasema ameshiba, nile mimi, nimekonda sana siku hizi. Mjomba akaondoka ananong'ona alhamdulillahi, akaenda kuwaambia majirani kwamba dada yake amekula. Nami nilikaa pale nikala samaki wa mama mbele yake, kwa kuwa alitaka kunitazama nikila.

Alipopitiwa na usingizi nikamnyooshea leso. Kwenye pembe aliyokuwa ameifumba kiganjani nilikuta lile pande, zima, halikutafunwa. Alikuwa amelitoa alipojifuta midomo.

Hakuweza kumeza.

Sikumwambia mjomba. Bado nasikia watu barazani wakimpongeza, na mmoja anasema mvuvi ni mvuvi tu, awe kwenye bahari au kwenye dimbwi. Natamani nitoke niwafukuze wote. Nimeona uchungu mwingi baharini, lakini huu wa leo sijui niuweke wapi. Mama anakufa, na nguvu kidogo alizobakiwa nazo amezitumia kunilinda mimi.

Ameamka sasa hivi. Ameniita akaniuliza kama mvua imekatika. Nikamwambia imekatika. Akasema, "Basi kesho uniletee mwingine."

Nikamjibu, "Inshallah, mama." Jibu lilinitoka kabla sijafikiri.

Sasa ninafikiri. Kwa jinsi anavyopumua, nikienda lamboni alfajiri huenda nikarudi nisimkute. Nisipokwenda, atajua kwamba nimeliona lile pande.