Kifungo cha Uzi Mwekundu

Shikamoo mama,

Dada Namkunda akusomee kadi hii taratibu, maana nimeiandika kwa hasira. Jua la huku Same linachoma, lakini leo mimi ndiye ninayewaka zaidi.

Mwalimu wetu Mzungu alituambia tuseme mafunzo ya kupima macho yana kasoro gani. Sote tukamwambia: ubao wa herufi haumfai mkulima ambaye hajasoma, tuchoreeni jembe, chungu, kuku. Akatushukuru sana. Leo kaleta ubao mpya. Herufi ni zile zile, ila kubwa zaidi!

Akaja bibi mmoja kutoka Gonja. Akaoneshwa ubao, akanyamaza. Mwalimu akaandika: haoni. Bibi akacheka, akaninyooshea kidole mimi niliyesimama kule mbali, kando ya ubao. Akasema kwa Chasu, "Alama hizo sizijui, ila kifungo cha pili cha mjukuu wangu yule kimeshonwa kwa uzi mwekundu." Nikamtafsiria mwalimu. Akajibu kwamba vifungo havimo kwenye kipimo, akamwandikia miwani.

Mama, kifungo hicho ulikishona wewe. Kwa ubao ule, na wewe ni kipofu.

Kesho naingia darasani na jembe nililolichora mwenyewe. Akinifukuza, na anifukuze. Ukiniona napanda mlima kurudi nyumbani kabla ya wakati, usiniulize kitu. Nipikie makande.

Mwanao akupendaye,
Elieza