Mihogo Yangu ya Mlimani

Kobelo, Salehe amenishinda kwa mihogo yangu mwenyewe.

Salehe! Mume wa dada yangu!

Yeye ndiye tuliyemtuma semina ya kile kifaa cha kumulika mhogo, kinachosoma wanga bila kwenda maabara. Karudi, ananiambia: "Shemeji, wapimaji wanataka minene. Peleka ya bondeni." Halafu jana kaniomba mashina matatu ya kule mlimani, eti watoto wachemshe. Unamnyimaje shemeji chakula?

Leo wapimaji wamekuja shamba la kikundi, kila mtu na mihogo yake. Mwenye wanga mwingi ndiye atakayeuza mbegu Matombo nzima.

Wakamulika yangu minene. Maji matupu.

Salehe akatoa ile ya mlimani. YANGU, Kobelo! Akawa wa kwanza.

Nikasema, "Hiyo nilikupa jana!" Akanijibu mbele ya watu, "Shemeji, kwani mhogo umeandikwa jina?"

Umeandikwa jina! Watu hoi kwa kicheko.

Nampigia dada Chausiku, hapokei.

Basi nimepoteza mashina matatu, biashara ya mbegu ya msimu mzima, na nyumba pekee niliyokuwa naingia bila kupiga hodi.