Ubeti wa Tatu wa Prisca

Jumatatu, 5 Mei
Panya wamekula tena koni ya spika ya besi. Nimebandika kitambaa kwa gundi, nimeianika barazani. Mvua imekuja, nimeiingiza. Jua limetoka, nimeitoa. Asubuhi yote imeishia hapo.

Jumamosi tunapiga Kihonda, uwanja wa wazi, saa nane mchana. Mara ya kwanza mwaka huu saundi yangu, mitambo ya muziki niliyoiita Radi, inatoka na maboksi yote manane. Nimemwandikia mwanangu Prisca ashuke aje aimbe. Hajajibu. Kule Matombo mtandao wanaufuata hadi karibu na misheni, kwa hiyo sijakasirika. Bado.

Jumanne, 6 Mei
Hajajibu. Nimekasirika.

Mama yake alipofariki, tulipomaliza matanga mjomba wake alishuka, akasema shamba la marehemu haliwezi kuachwa likawa pori. Kwa Waluguru ardhi inafuata upande wa mama, na Prisca ndiye binti pekee. Mimi mtu wa Kondoa, nililetwa Morogoro na kiwanda cha nguo. Kwenye kikao kile nilikuwa mgeni wa kunywa chai tu. Prisca akasema anakwenda wiki mbili, kupalilia. Mwaka na miezi minne sasa.

Nimemkumbuka mno. Basi, nimeandika.

Alhamisi, 8 Mei
Nimejaribu mitambo. Nimepiga wimbo wake, "Mama Alipanda", tuliourekodi chumbani kwangu wiki ileile aliyoondoka. Ukifika kwenye "nani atavuna", naikata sauti yake, naitupa kwenye mashine ya mwangwi: nani, nani, nani. Kisha besi peke yake, dakika nane. Hapo ndipo watu huchanganyikiwa. Ndiyo kazi yetu sisi wa dabu, rege inayobakizwa besi na mwangwi: kuondoa. Kuweka kila mtu anajua.

Jirani, Mama Hadija, amekuja kulalamika kwamba vikombe vyake vinatembea kabatini. Nimempa pole. Moyoni nimefurahi.

Ijumaa, 9 Mei
Amepiga. Shikamoo baba, marahaba mwanangu, mvua je, mvua ipo. Anachimba magimbi. Haji.

Nimemwambia watu wanamtaka. Nimemwambia maiki yake itasimama mbele na nafasi yake kwenye wimbo ipo, hata nusu saa nzima akitaka. Akaniuliza, "Baba, ubeti wa tatu unasemaje?"

Sikujua. Nikasema mtandao unakatika. Mzee mzima, namdanganya mwanangu, na yeye amejua.

"Tangu nina miaka kumi na saba unanikata," akasema, bila ukali. "Kwenye saundi yako sijawahi kumaliza neno langu."

Nikamjibu hiyo ndiyo dabu. Akaniaga kwa adabu zote. Afadhali angenifokea.

Jumamosi, 10 Mei
Kihonda. Watu wengi, jua kali, milima ya Uluguru iko wazi kabisa, hata wingu hakuna. Nimesimamisha maiki yake mbele. Hadi saa kumi nilikuwa naangalia barabara ya kutoka mjini. Mjinga mimi.

Nimepiga "Mama Alipanda". Nimekata palepale, mkono umezoea. Uwanja mzima ukaitikia, nani, nani. Miluzi. Wakataka irudiwe. Nimerudia mara tatu, na mara ya tatu nikaona aibu, sijui nilikuwa namwonea nani.

Wanasema Radi haijawahi kupiga hivi. Nimerudi nyumbani nimenyong'onyea.

Jumapili, 11 Mei
Sijatoka. Nimechomoa mashine ya mwangwi, nimeifungia kabatini. Nimeweka wimbo, nimekalia mikono yangu isiguse kitu. Kweli nimeikalia, kama mtoto aliyekatazwa sukari.

Ubeti wa kwanza. Wa pili. Nani atavuna. Mkono wa kulia ukachomoka. Nikaukalia tena.

Ubeti wa tatu anasema atavuna yeye. Anasema, baba, usinisubiri stendi, mimi sishuki tena. Panda wewe, uje ule ndizi za mama.

Aliniaga. Aliimba hatua mbili kutoka nilipokaa, mimi macho kwenye taa za kupimia sauti zisifike nyekundu. Alipomaliza nikamsifu, sauti imetoka safi. Tangu siku ile nawapigia watu swali lake, na jibu nalifunika kwa besi.

Nimelia. Miaka sitini na tatu.

Jumatano, 14 Mei
Matombo. Barabara mbovu, mgongo wote unauma. Sikubeba hata spika moja.

Prisca amenipokea mkoba, hakuuliza kitu. Amekonda kidogo, mikono imekuwa ya mama yake. Nimemwambia unavyosema ubeti wa tatu. Akainama akawa anamenya ndizi, muda mrefu, nyingi kuliko za watu wawili.

Jumamosi narudi mjini bila yeye. Inauma na itaendelea kuuma. Sitamwomba ashuke.

Anaongea sana huyu mtoto. Sikujua. Tangu mchana ananisimulia habari za shamba: mdalasini ulioanguka, mjomba na mpaka, ngedere mmoja mwizi anayeijua siku ya gulio. Anaanzia mbali, anazunguka, anasahau, anarudi nyuma. Nimekula sahani mbili, sijamkatiza hata mara moja.

Amekwenda kuipua sufuria. Kwenye hadithi yake, ngedere alikuwa amefika mlangoni.