Viganja Vyangu Wakati wa Baridi

Jumanne, 15 Julai 2025
Baridi imeshuka kutoka milimani, mafundi wote wamevaa masweta. Mimi viganja vinatiririka jasho! Beleshi linaniponyoka kwenye zege. Nimefunga kitambaa kwenye mpini — kimelowa kabla ya chai. Hata hapa naandika na tambara chini ya mkono, la sivyo karatasi inachanika.
Saiti wananiita Ustadhi. Kwa sababu simpi mtu mkono. Nauweka kifuani, nainama kidogo. Wanadhani ni dini. Fundi mwenzangu Hamza kasema mbele ya wote, Ustadhi wetu hata sinia analiogopa, anakula peke yake kwenye kifuniko. Wakacheka. Nikacheka na mimi.
Kwetu Newala walikuwa wanajua. Hapa hajui mtu.

Ijumaa, 18 Julai
Nimeomba ruhusa, nimekwenda hospitali. Redio ilisema wanatafuta watu wenye jasho kupita kiasi. Wana kifaa — unatumbukiza mikono kwenye maji, umeme mdogo unapita, viganja vinakauka. Ila kwanza wanapima jasho limekuharibia maisha kiasi gani. Sikujua maisha yanapimwa!
Daktari Rumana, binti wa Kihindi, Kiswahili chake safi kuliko changu. Kaniamkia shikamoo! Akauliza: wiki iliyopita, jasho limekusumbua mara ngapi ukimpa mtu mkono? Hata mara moja. Ukila na wenzako? Hapana. Ukiwa na mpenzi? Hapana. Nilijibu kweli tupu. Akajumlisha. Hongera baba, maisha yako hayajaathirika sana. Kifaa ni kimoja, wanaanza na walioathirika zaidi.
Nimerudi kwa miguu.

Jumatatu, 21 Julai
Semeni anauza chapati mbele ya saiti. Tumeelewana — kwa maneno tu, sijamgusa hata kidole. Leo kaniambia mjomba wake, mzee Mikidadi, anashuka kutoka Kinole Jumamosi kunitazama. Kwao mjomba akikataa, basi. Amekwishanisifia kwake: Ustadhi, hashiki wanawake ovyo. Mzee kafurahi sana.
Uongo huo sikuutunga mimi. Lakini nimeukalia.
Na siku ya ndoa? Mzee akiniozesha, mkono wangu utakuwa ndani ya mkono wake mpaka maneno ya ndoa yaishe!
Mchana nikarudi kwa daktari. Nikamwambia, nilijibu hapana kwa sababu sina ninayempa mkono. Akasema kwa upole, baba, karatasi inauliza yaliyotokea tu, haina pa kuandika uliyoyakwepa. Mpe mtu mkono, urudi uniambie.

Jumamosi, 26 Julai
Wiki nzima nimeshindwa. Jana ndipo nikampa Hamza mkono. Akaruka nyuma — weee Ustadhi, umetoka kushika kambale? Akajifuta kwenye shati langu! Nikasema ni jasho, ninalo tangu utoto. Akasema pole.
Leo asubuhi nimewahi kwa Semeni kabla mjomba hajafika. Nikanyoosha mkono. Alikuwa anakanda, mikono unga mtupu. Akaushika kwa yote miwili. Unga ukalowa, ukashikana — donge kabisa katikati ya viganja vyetu. Akacheka! Kaka Halidi, kumbe dini yako ndiyo hii? Nikasema ndiyo, ni hii tu, miaka yote. Akazidi kunishika. Sikumbuki mara ya mwisho mtu —
Mteja mmoja alikuwa anatazama. Akairudisha chapati yake kwenye sahani, akaondoka. Na aliyekuwa nyuma yake pia.
Semeni kaacha kucheka. Kamwaga unga wote wa beseni. Hajaniambia niondoke. Nimekaa kwenye benchi nyuma ya kibanda, naandika ili mikono ipate kazi. Mzee Mikidadi kapiga simu, yuko stendi, anakuja na bodaboda.
Semeni ananawa. Sabuni mpaka kwenye viwiko. Kamaliza. Kanitazama.
Ananawa tena.