Pumba za Mamake Sanae

Jumamosi, 6 Septemba 2025

Haya, umerudi. Tangu Ramadhani hujalifungua daftari hili, mwanamke wewe. Kalamu imekauka mpaka umeitia mdomoni kama mtoto. Ni nani mwingine wa kuyasoma haya kama si wewe? Huna haya.

Shule sikwenda. Herufi nilizipata uzeeni, nimekaa ubavuni mwa Sanae, mkaza mwanangu, alipokuwa akijifunza Kiswahili. Yeye neno, mimi herufi. Sasa Sanae ameondoka. Jumatano amekwenda kwao Japani, mamake ni mgonjwa. Mwanangu Habib yuko kazini Mtwapa, hurudi Ijumaa moja moja tu, na jana hakuja. Nimebaki mimi, kuku saba, na chungu.

Chungu ndicho hasa. Ndani mna pumba za mpunga, zimechachuka kwa chumvi. Sanae huzika humo matango na figili, asubuhi akafukua, akaosha, akakata, akala na wali. Wali usio nazi, usio chumvi. Mwaka wa kwanza nilidhani ananisema kwamba sijui kupika. Kumbe ndivyo walavyo kwao — wali mtupu, supu ya dagaa wakavu, samaki wa kuchoma, tango la chunguni. Basi. Habib naye kazoea. Mimi sijaonja hata siku moja.

Kabla ya kupanda gari Sanae alinishika mkono. Mama, koroga kila siku, mkono mtupu, za chini zije juu. Usipokoroga zinakufa. Mamake alimpa siku ya kuolewa, akazileta ndani ya sanduku, mwaka wa kumi na moja huu. Nikamwambia nenda mwanangu, usiwe na wasiwasi.

Zanuka.

Jumapili, 7 Septemba

Nimekoroga. Nilivaa mfuko wa mkate mkononi. Siwezi, harufu ile haitoki hata kwa ndimu. Mfuko nimeutundika kwenye msumari, wa kesho.

Kahaso, muuza maziwa wetu, alipita kutoka Kakuyuni. Akasimama mlangoni, akanusa. Mama Habib, kuna kitu kimekufa humu? Nikasema panya. Alipoondoka nikakisukuma chungu nyuma ya gunia la pumba za kuku. Ningemwambia nini? Kwamba mwanangu, mtoto wa mjini, analishwa pumba? Kahaso akijua leo, kesho soko zima lajua.

Jumatano, 10 Septemba

Msiba Magarini. Binamu yangu Stambuli amefariki. Naenda sasa hivi, sirudi mpaka Jumatatu.

Nimemwachia Kahaso ufunguo wa jikoni. Nikamwambia kuku wape pumba, na maji usiwasahau. Chungu sikukitaja. Leo nimekoroga mara mbili — zitastahimili.

Jumatatu, 15 Septemba

Chungu kimeoshwa. Kimepinduliwa uani juani, kinang'aa.

Kahaso kasimama pale anangoja shukrani. Za gunia ziliisha Ijumaa, anasema, nikaona umeweka nyingine chunguni. Zilikuwa zimechacha, Mama Habib, lakini kuku hawana makuu. Wamekula, wakakimbilia maji kama nyinyi mkifuturu.

Nikamwuliza, zote?

Zote. Nimekwangua na kijiko.

Nikasema ahsante. Nimgombeze kwa lipi? Pumba ni chakula cha kuku, hata mtoto ajua. Mimi ndiye niliyeficha.

Alipokwenda zake nikakaa sakafuni. Kuku wakaja mlangoni kunitazama. Wamenona, wana wa haramu.

Jumanne, 16 Septemba

Simu. Mamake Sanae amefariki jana.

Sanae halii. Sauti kama ya mtu anayesoma karatasi. Nikamwambia rudi mwanangu, uje ulie kwangu. Akauliza: Mama, pumba zangu ziko hai? Mkono wa mama umo mle.

Nikasema zipo.

Nimesema zipo.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimemwambia Habib. Alicheka kwanza, akaona uso wangu, akaacha. Mama, tia pumba nyingine na chumvi, hatajua. Nikamwambia: mke huyu umeishi naye miaka kumi na moja, wadhani hajui ladha ya mkono wa mamake? Wewe biriani yangu waweza kuichanganya na ya jirani? Akainamisha kichwa. Basi mwambie, akasema. Nikasema mwambie wewe, ni mkeo. Tukatazamana, waoga wawili. Simu ilikuwa mezani katikati yetu. Hakuna aliyeigusa.

Jumamosi, 20 Septemba

Ule mfuko wa mkate — bado uko kwenye msumari!

Nimeugeuza nje ndani. Pumba zimegandia kwenye pembe, kavu. Zote pamoja kijiko kimoja, si zaidi. Nimemtuma Habib mashine ya mpunga, akaniletea pumba laini, mpya. Nikazikaanga kidogo, nikatia maji, nikatia chumvi. Chumvi kiasi gani? Wa kumwuliza ni mmoja tu, naye ndiye ninayemficha. Nikachanganya na kile kijiko. Mkono mtupu, mpaka kiwikoni.

Alhamisi, 25 Septemba

Nakoroga asubuhi, nakoroga alasiri. Zanuka, lakini si kunuka kule. Hizi zina harufu ya rangi ya ukutani. Juu pameota utando mweupe, nimeutoa, umerudi. Sikujua kwamba nitakuja kuitamani harufu ile. Naingiza pua chunguni kuitafuta. Mara naipata, mara siipati — labda ni pua yangu tu.

Nimeonja tango. Chumvi tupu.

Kahaso nimemwambia kweli yote. Akakaa kwenye kigoda akalia kuliko mimi. Mbona hukuniambia, Mama Habib? Ningecheka siku moja, ikaisha.

Siku moja. Ningechekwa siku moja tu.

Jumapili, 28 Septemba

Sanae amefika saa nane mchana. Amekonda, mabega yamemwanguka. Shikamoo Mama. Nikamkumbatia kabla sijaitikia, na hapo ndipo alipolia, mlangoni, viatu miguuni, na Habib nyuma yake na sanduku hajui aliweke wapi. Alilia mpaka kanga yangu ikalowa.

Kisha akaushika mkono wangu kuubusu. Akasita. Akanusa vidole, kimoja kimoja. Akaniangalia akatabasamu — macho yote maji. Mama, umekoroga kwa mkono mtupu.

Nikasema ndiyo. Hilo ni kweli. Nikanyamaza hapo hapo, mwoga mimi.

Hataki samaki, hataki supu. Anataka wali mtupu na tango la chunguni tu, kama alivyokuwa akimlisha mamake hospitalini. Wali uko motoni, usio nazi, usio chumvi. Tango nililizika jana, sijalifukua. Habib ametoka nje, anajifanya kutazama kuku.

Sanae yuko bafuni. Nasikia maji. Naandika kwa haraka, mkono wanuka mpaka karatasi yanuka.

Maji yameacha.

Wewe, utakapolifungua tena daftari hili, mstari wa kwanza uwe ni yale uliyomwambia. Kama hujamwambia, usiandike kitu. Lifunge, umfuate jikoni.