Posa Mbili za Ilham

Salma mwanangu,

Khabari za huko sikuulizi, maana hutanijibu, na mie sipendi kuuliza mtu asiyejibu. Nakupa za huku. Mwanao Ilham kapata. Vile vyuo viwili vya Marekani mlivyokuwa mkiviandikia kitandani kwako, wewe na mito mgongoni, yeye na kompyuta mapajani, vyote viwili vimemkubali. Vyote viwili vimesema vitamlipia kila kitu mpaka nauli. Wanachukua watu wachache kabisa, naambiwa. Wenzake wa skuli waliotaka huko wamekataliwa. Yeye kakubaliwa mara mbili, na lilipokuja jibu la pili alikaa chini kwenye ukumbi, mgongo ukutani, akalia. Mie nikadhani kuna msiba. Nikapiga kelele, "Nani tena?"

Basi ndivyo tulivyofurahi.

Umenikosea, Salma. Nakwambia kweli, sijapata kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa ukiwa hai, sitaanza leo. Mambo haya umeyaanzisha wewe. Wewe ndiye uliyemwambia mtoto, "Andika, usiogope, watakaokataa wakatae," kisha ukaondoka kabla ya jibu. Mtu hateleki chungu akaenda zake. Mie nimekomea darasa la nne kule Wete, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza. Leo mtoto ananijia na simu, ananionesha miti na majumba ya mawe, ananiuliza, "Bibi, kipi?" Mie nijue nini?

Kwanza sikufahamu wanasomesha nini. Watoto wa wenzetu hapa Walthamstow kwa Waingereza wanasomea udaktari, sheria, uhasibu, kitu unachoweza kumtajia mtu harusini akanyamaza. Huyu anasema huko mtu anaingia bila kujua anasomea nini. Anaonja nyota, anaonja historia, kuchora, hesabu, mpaka mwaka wa pili ndio achague. Nikamwambia, "Miaka miwili ya kuonja? Hiyo skuli au jiko la harusi?" Akacheka. Hajacheka vile tangu tukuzike. Nikaona haya kuendelea kumgombeza, lakini niliendelea.

Majina ya vyuo vyenyewe siyawezi. Kimoja kiko kando ya ziwa, kimoja mlimani, basi humu ndani tunaviita Cha Ziwani na Cha Mlimani, kama wanaume wawili walioleta posa wiki moja. Na mie nikavifanyia mambo ya posa. Unakumbuka ulipoposwa na yule bwana wa Chake, nilivyomtuma shoga yangu Bi Rukia akapeleleze kwa majirani, bwana anasali, ana hasira, mama yake ana mdomo? Tukaletewa sifa tupu, tukakuoza, na leo huyo bwana yuko Maskati na mke mwengine, na alipoulizwa kuhusu vyuo hivi vya mwanawe kasema "chochote atakachopenda." Lakini mie sijui njia nyengine ya kumjua mtu.

Bi Rukia ana mpwa wake Marekani, anaendesha malori. Nikampigia. Nikamuuliza, "Vyuo hivi watu gani?" Akasema, "Bi mkubwa, mbona hata sijapata kuvisikia." Furaha niliyoipata! Nikamwendea mwanao mbio. "Hawajulikani hao! Dereva kazunguka nchi nzima hajawasikia!" Akanitazama. "Bibi, wanaovijua wanavijua." Jibu lako kabisa hilo, na jicho lako.

Halafu kila chuo kikampa mwanafunzi wa kuzungumza naye kwenye simu ya picha. Mie nikajitanda kanga yangu, nikakaa ubavuni. Nikamwambia Ilham, muulize, mtu akiumwa homa nani anamkalia? Muulize mtu akifa huko, nani anamuosha?

"Bibi, hilo siulizi!"

"Uliza. Kuosha maiti ni aibu?"

Kauliza kwa haya. Yule msichana wa Cha Ziwani akasema hajui, atanitafutia. Na kesho yake kweli kaleta jibu, mji wa pili yake una msikiti, na wanawake wake wanaosha. Wa Cha Mlimani alikuwa mvulana. Alisema alipovunjika mguu wenzake walimbeba mgongoni mpaka darasani, kwa zamu, na mpishi akimletea supu.

Nikakosa kilema, Salma. Na mtu asiyetaka kuoza hakosi kilema, mara bwana mfupi, mara kwao mbali, mara mawifi wengi. Mie nilitafuta kwa vyote viwili nikakosa. Na mwanao si mjinga. Akaniambia, "Bibi, hunisaidii kuchagua wewe. Unatafuta sababu ya kukataa vyote." Nikamtupia, "Mchagua jembe si mkulima!" Akasema pole pole, "Kama hutaki niende, sema. Ukisema baki, nitabaki."

Neno moja tu. Lilikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi.

Nikamwambia akaoshe vyombo.

Maana tangu uondoke ni yeye anayenipeleka kwa daktari. Wewe ulikuwa ukinifupishia. Daktari anasema mpaka mate yanamkauka, wewe unaniambia, "Mama, uko sawa, punguza chumvi." Huyu ananitafsiria yote, hasazi. Figo, sukari, macho. Ulipokuwa hai wewe, mie nilikuwa mzima.

Na kila siku anauliza, "Mama angependa kipi?" Ningeweza kumwambia lolote. Ningesema mama yako kataka Cha Ziwani. Ningesema mama yako kataka ubaki na bibi yako. Nani angenipinga? Lakini hukusema. Siku zako za mwisho ulisema juu ya pipa la taka, lipi litolewe wiki hiyo. Ulisema kiatu cha Ilham kinambana. Ulitaka maji ya ndimu, nikakuletea, ukasema makali. Marekani hukuitaja. Nimezirudia siku zile nikitafuta japo nusu ya neno, sikuliona. Mbona hukusema, we mtoto? Siku zote mdomo ulikuwa nao.

Siku ya mwisho ya kujibu ikawa Jumatano. Nilikuwa jikoni nageuza mkate wa ufuta. Kaingia na simu. "Bibi, nimewajibu. Cha Mlimani." Nikamuuliza kwa nini. Akasema hajui vizuri, ila alipofikiria kukikosa, hicho ndicho kilichomuuma. Mie moyoni nilikuwa na Cha Ziwani, kwa ajili ya yule msichana aliyerudi na jibu. Sikusema. Ningesema nini, na yeye keshawajibu?

Kisha akapiga magoti pale pale, kwenye vigae. "Bibi, nipe radhi." Nikampa. Nikampa ya duniani na ya akhera, sikubakisha. Nikangoja ainuke. Hakuinuka.

"Na ya mama?"

Salma! Mkate ukaungua ninautazama. Radhi ya mama hutolewa na mama. Bibi anaweza kupika, anaweza kugombeza, anaweza kukalia homa, lakini hilo hana. Nikamwambia, "Ya mama yako siwezi kukutolea, mjukuu wangu." Akasema, "Najua." Kalisema kwa Kiswahili, yeye ambaye miaka yote namsemesha Kiswahili ananirudishia Kiingereza, mie nikiokoteza maana. Nikamshika kichwa. Hicho ndicho nilichokiweza.

Ndiyo maana nakuandikia. Kama huko uliko ipo njia, yoyote ile, mpe. Sijui njia gani. Mpe yeye, mie niache. Ndoto usiniletee, nitaamka nikutafute humu chumbani.

Na mie nakuahidi hili. Sitamzulia maneno yako. Na siku ya kuondoka sitamwambia baki, hata nikiwa kitandani na figo zangu. Nitafunga mdomo. Unanijua, unajua inavyonigharimu.

Kuna moja linanitisha sijamwambia mtu. Hapo kaburini kwako tunakuja naye, mabasi mawili kisha kutembea. Yeye ndiye ajuaye tushuke wapi. Mie mkononi nina mfuko wa maua na Fatiha yangu, njia siitazami, namtazama yeye mgongoni.

Lala, mwanangu. Mola akupanulie hapo na akutilie nuru. Ijumaa ya mwanzo baada ya yeye kuondoka nitakuja mwenyewe. Usinitazamie mapema. Nitapotea kwanza.

Mama yako